Bakwetu, Mustari Wazi, Bakuyakuya

Lori la samaki kutoka Pweto, mwezi ule wa tatu, lilimletea Mama Albertine Bwalya magunia sita ya chisense, dagaa wa huko, na mtu mmoja. Magunia aliyangoja. Mtu, hapana. Dereva alimshusha mbele ya lango la lupango, ua wa Mama Albertine mjini Lubumbashi, akamsukuma kidogo begani, akamwambia bibi huyo, Kambo wa kila mtu:

"Kambo, huyu ni mutoto ya bantu. Ametoka Goma. Anatafuta fasi ya kulala siku mbili, tatu. Miye nikasema, kama si kwa Kambo Albertine, basi ni kwa nani?"

Aliitwa Shalom Kakule. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa mwezi wa kwanza, naye alikuwa njiani tangu siku zile: Bukavu, ambayo nayo ilianguka nyuma ya mgongo wake, kisha Uvira, Kalemie, mashua, lori, miguu. Kiatu cha kulia hakikufanana na cha kushoto. Begi lake alilivaa kifuani, si mgongoni, na alipoketi, kabla hata ya kunywa maji, alilifungua akatoa kitu kilichofungwa ndani ya nailoni tatu. Ilikuwa ordinateur, masini ya kompyuta. Akaona taa yake inawaka, akaanza kulia bila sauti.

Mama Albertine alimwacha alie. Alikuwa na miaka sabini na miwili, amezika mume na watoto wawili, na alijua kwamba mtu hulia juu ya kile kilichobaki, si juu ya vile vilivyopotea. Alimpa bukari, ugali wa huku, na samaki. Siku mbili, tatu, zikawa wiki sita.

Kwa lupango lile Mama Albertine aliishi na mjukuu wake Chance, msichana wa miaka ishirini na mmoja. Baba yake Chance alifanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere, akija Jumapili moja moja. Chance alikuwa anasomea mambo ya masini, lakini masini yake mwenyewe hakuwa nayo. Alijifunza kwa daftari, kama mtu anayejifunza kuogelea juu ya kitanda. Sasa Mungu alimletea Shalom. Tangu siku ya pili wakawa wameketi barazani, vichwa viwili mbele ya kioo kimoja. Léonie, jirani wa ng'ambo ya ukuta, alianza kusema kwamba ni mapenzi. Hayakuwa mapenzi. Heri yangekuwa mapenzi. Mapenzi Lubumbashi nzima ingeyaelewa.

Ilikuwa kazi. Shalom na wenzake wanne, kule Goma, walikuwa wametengeneza kitu walichokiita Kitunga. Mama Albertine alielezwa mara tatu, mara ya tatu akaelewa kwa namna yake. Kuna lugha ya kusemesha masini, inaitwa Skala, nayo imepanda juu ya nyingine, Java. Kitunga ni kapu la vyombo vidogo vidogo vya lugha ile: kimoja cha kuhesabu tarehe, kimoja cha kukata maneno, kimoja cha kutafuta njia ya mahali faili ilipowekwa. Na kapu lile haliuzwi. Limewekwa wazi, ulimwengu mzima unachukua, anayeona tundu anashona.

"Bure?" aliuliza Mama Albertine.

"Bure, Kambo."

"Na weye unakula nini?"

"Nakula kwako," Shalom alisema, na Chance alicheka mpaka akashika ukuta.

Vyombo vile walivipa majina ya Kiswahili. Ndiyo ilikuwa fahari yao. Wengine wote ulimwenguni wanatumia Kiingereza. Wao wakaandika Tarehe, Njia, Mulango, Maneno. Na kila kimoja kilibeba jina la mji kilikozaliwa: kitunga, nukta, goma, nukta, Tarehe. Wenzake wanne walikuwa hawajibu simu tangu mwezi wa kwanza. Mmoja, Merdi, alituma ujumbe mmoja tu, "Tuko", kisha kimya.

Basi, mtu ambaye nyumba yake imeanguka hutafuta kitu cha kupanga. Mama Albertine mwenyewe, siku ya kilio cha mume wake, alichambua debe zima la maharagwe ambayo hakuna aliyetaka kuyapika. Kwa hiyo hakushangaa Shalom alipoamua kupanga mistari ya juu.

Kila faili ya Kitunga, na zilikuwa mia mbili na kumi na nne, ilianza kwa mistari inayosema faili hii inaazima nini, na kwa nani. Kila mstari ulianza na neno moja: import. Watu watano waliandika kwa miaka mitatu, kila mmoja akatupia mistari yake alipopenda. Vyombo vya wenye kutengeneza lugha, vyombo vya watu wengine, vyombo vya Kitunga wenyewe, vyote vilikaa pamoja kama viatu mlangoni siku ya matanga.

"Kuna kaprogramu kenye kupanga kenyewe," alisema Shalom. "Lakini inaomba connexion ya internet ya nguvu, na hapa courant ya umeme inakuya saa tisa, inakwenda saa kumi. Tutapanga na mukono."

"Tutapanga namna gani?" Chance aliuliza. "Alphabet?"

"Alphabet peke yake hapana. Kwa makundi. Vyenye kutoka inje fasi yao, vyetu fasi yao, na katikati unaacha mustari wazi. Muntu akifungua faili, anaona mara moja: hiki ni chetu, hiki tuliazima."

Mama Albertine alikuwa kando, na sinia ya chisense magotini, anatenga waliovunjika na wazima. Alisikia. Na kwa kuwa alikuwa kwake, na moyo wake ulikuwa mwepesi siku ile, alisema:

"Kumbe kitu yenyewe ni nyepesi! Bakwetu huku, bakuyakuya kule."

Sasa, neno lile kila mtu wa Lubumbashi analijua. Bakuyakuya ni wale waliokuja, waliokujakuja, wasio na kaburi la babu ndani ya udongo huu. Husemwa kwa kicheko sokoni, watu wakigombania meza. Husemwa pia bila kicheko, na miaka ile ya zamani, Mama Albertine akiwa bado na nguvu, lilipakiza watu kwenye mabehewa ya treni na watoto wao na masufuria yao, na wengi hawakufika walikokuwa wanapelekwa. Alikuwepo. Aliyaona masufuria. Lakini ulimi hauna mfupa, na siku ile neno lilitoka kama kicheko tu.

Shalom alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu afike: kichwa nyuma, meno yote nje.

"Kambo! Bakuyakuya ni Java na Skala! Wazungu ya Suisse, wazungu ya Amerika, beko bakuyakuya kwetu!"

"Ngoja, naandika," Chance alisema. Akavuta masini, akaandika juu ya kundi la kwanza: bakuyakuya. Akaacha mstari wazi. Juu ya kundi la pili: bakwetu. Yalikuwa maneno ambayo masini huyaruka, yaliandikwa kwa macho ya watu tu.

"Utaitosha kisha, isibaki humo," Shalom alimwambia.

"Juu ya nini? Inafaa. Acha bazungu baulize maana yake."

Shalom aliyaacha. Kwa siku kumi na moja, kila umeme ulipokuja, walipanga. Yeye alisoma kwa sauti, Chance aliandika kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi. Faili baada ya faili: bakuyakuya, mstari wazi, bakwetu. Na kila walipomaliza faili kumi, Shalom alizituma kwa simu, zikaenda kukaa kwenye kapu la wazi, zimeandikwa jina la mwenye masini. Shalom Kakule. Si jina la mwenye vidole.

Mwezi wa nne amri ilishuka. Kila mwenye lupango aliye na mtu kutoka mashariki amtaje kwa ofisi ya kartie, yaani ya mtaa. Watu waliogopa, redio ilisema waasi wanashuka, simu zilisema wamefika tayari, wamevaa kiraia, wanauza mikate. Anayeandikwa atapewa karatasi ya kukaa. Asiyepewa karatasi ataondoka. Mama Albertine alikwenda siku ile ile kumtaja Shalom, na alijibiwa: sawa, shefu mwenyewe atapita kumwona.

Shefu Donat alipita Jumatano, saa tisa na nusu, umeme ukiwepo. Alikuwa mtu wa palepale, mtoto wa marehemu fundi cherehani aliyemjua Mama Albertine miaka arobaini. Alifuatana na vijana wawili wenye fimbo. Akapewa kiti, akapewa maji, akaulizia mguu wa Mama Albertine. Karatasi ya Shalom ilikuwa tayari mkononi mwake, imejazwa, imebaki muhuri tu.

"Njo huyu mugeni? Karibu Katanga, muloko, mudogo yangu. Unafanya kazi gani?"

"Ya informatique, ya ordinateur, Shefu."

"Ah! Onyesha basi, na siye tujifunze."

Shalom aligeuza kioo. Shefu Donat alivaa miwani yake, akainama, akasoma. Midomo yake ilisogea. Halafu ikaacha kusogea.

"Hapa umeandika nini? Soma."

"Ni mistari ya import, Shefu. Inasema faili inaazima…"

"Nimesema soma."

Shalom alisoma. Bakuyakuya. Chini yake mistari minne. Kisha bakwetu. Import kitunga nukta goma nukta Tarehe. Import kitunga nukta goma nukta Njia. Import kitunga nukta goma nukta Mulango.

Vijana wenye fimbo walisogea karibu. Léonie, aliyekuwa ameegemea ukuta kusikiliza, alishusha mikono.

"Import," Shefu Donat alisema polepole. "Kuingiza. Miye niko mutoto ya muji ya mupaka, nayua import ni nini. Bakwetu ni ba Goma. Unabaingiza. Tarehe. Njia. Mulango." Alivua miwani. "Tarehe gani?"

"Shefu, ni majina ya vyombo. Tarehe ni ya kuhesabu siku, Njia ni…"

"Na karatasi ya namna hii ziko ngapi ndani?"

Shalom, ambaye hakujua kusema uongo hata ungemwokoa, alijibu: "Mia mbili na kumi na nne."

Kijana mmoja mwenye fimbo alipiga mluzi.

"Mia mbili na kumi na nne," Shefu alirudia. "Na siye, wenye udongo, njo umetuita bakuyakuya?"

"Hapana, Shefu! Bakuyakuya ni Java!"

"Java ni nani?"

Mahali pengine watu wangecheka. Mama Albertine mwenyewe alihisi kicheko kinamjia, akakimeza, kikashuka kama mfupa wa samaki.

"Nani aliandika maneno haya?" Shefu aliuliza.

Chance alikuwa amesimama mlangoni, unga wa bukari mikononi. Alifungua kinywa. Shalom hakumgeukia, lakini alijibu haraka, kabla yake:

"Ni miye."

Walimchukua yeye na masini. Safari hii haikufungwa nailoni.

Chance alilia, akapiga ukuta ngumi, kisha akachukua kitenge chake. "Nakwenda ku bilo, ku ofisi ya Shefu. Nitasema ni vidole yangu."

Mama Albertine alisimama mbele ya lango. Mguu wake ulikuwa mbaya, lakini alisimama.

"Hauendi."

"Kambo, ni miye niliandika!"

"Na neno ni la nani? Ni langu. Miye muzee, watanifanya nini? Weye watakutia ndani na bale bavulana ya fimbo. Hauendi. Nitakwenda miye."

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani akaenda. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, na Shefu Donat alimpa kiti tena, kwa heshima ile ile, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko matusi.

"Donat, mwanangu, neno lile ni langu. Bakwetu, bakuyakuya. Nilisema miye, nikiwa na chisense yangu, ilikuwa mucheko. Yule mutoto aliokota tu."

Shefu Donat aliweka kalamu chini.

"Kambo, ulisoma mpaka mwaka ya ngapi?"

"Wa tatu. Kwa mamasera, masista ya misioni, kule Kilwa ya ziwa."

"Mwaka wa tatu. Na weye njo ulifundisha ordinateur kupanga Java?" Alicheka, si kwa ubaya. "Kambo, moyo wako ni mukubwa, bantu banayua. Lakini usinifanye mujinga. Neno, sawa, tuseme ni lako. Neno linapita kama hewa. Mukono yenye kuliandika ndani ya masini ni ya nani? Yako?"

Mama Albertine aliitazama mikono yake. Ilikuwa na harufu ya samaki ambayo sabuni haikuitoa miaka hamsini.

"Si yangu."

"Ni ya nani? Ndani ya lupango muko batatu."

Jina la mjukuu wake lilikuwa limekaa juu ya ulimi. Lilikuwa jina fupi. Alimwona Chance ndani ya chumba kile, na vijana wale wenye fimbo wakimzunguka. Alimwona baba yake akishuka kutoka Kinsevere Jumapili, akiuliza, Mama, mutoto yangu iko wapi? Na alijua pia, na hili hatalisahau, kwamba angelisema jina, mambo yangegeuka: msichana wa kartie, mjukuu wa Bwalya, mtoto wa hapa, akisema "bakuyakuya" ni mchezo wa watoto. Wangemfokea, wangemrudisha nyumbani, wangepiga muhuri. Alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na woga ni kingine, na woga ulikuwa karibu zaidi na mdomo.

"Ni ya yule mugeni," alisema.

Shefu aliandika. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, na Mama Albertine alisoma herufi moja moja, akatambua jina lake mwenyewe na neno *étranger*, mgeni. Akatia sahihi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

Hawakumfunga Shalom, na Shefu Donat aliona kwamba amefanya wema. Walimpa saa arobaini na nane atoke mjini. Masini ilibaki ofisini kwa uchunguzi, nyuma ya kabati, na watu wanasema bado iko pale. Karatasi ya kukaa ilipasuliwa mbele yake. Kwa wafanyabiashara wa kwao, Wanande wa jumla wenye maghala, alipata nafasi juu ya lori linalokwenda Kasumbalesa. Ng'ambo ya mpaka angejitafutia.

Alirudi kuaga. Mama Albertine alikuwa amemfungia samaki, akamnunulia viatu vinavyofanana. Shalom alivipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, Kambo. Walinionyesha karatasi yako."

Alivivaa palepale. Alimwinamia kama kijana anavyomwinamia bibi yake, akatoka, na begi sasa lilikuwa mgongoni, limelala bapa, halina kitu cha kulindwa.

Chance alikuwa mlangoni, akaisikia habari ya karatasi, wala hakuuliza wiki ile nzima. Alipika, alifagia, alimsugua Mama Albertine mguu kwa mafuta. Alisema "ndiyo, Kambo" na "hapana, Kambo". Halafu mchana mmoja, umeme ukiwepo, alikuja barazani na simu ya kuazima kwa Léonie, akaketi chini, mgongo wake umemwelekea bibi yake.

"Kitunga ingali wazi," alisema. "Haiko ya Donat. Natosha maneno yale, faili moja moja. Mistari itabaki kwa makundi yake, mustari wazi utabaki katikati. Majina ya makundi, hapana."

"Vizuri, mwanangu. Yafute, yaishe."

"Haiishi. Kitu ukifuta huku inabaki nyuma, na tarehe yake, na jina la mwenye kuandika. Jina ni la Shalom, faili mia mbili na kumi na nne. Lakini kila unapobadilisha kitu, banakuachia fasi ya kueleza juu ya nini." Alimpa simu. "Soma nilichoandika."

Mama Albertine alivaa miwani. Alisoma kama alivyosoma kule Kilwa, kidole chini ya herufi, kwa sauti: "Ma-neno ha-ya si ya Shalom. Ni-liandika mi-ye, Chance Bwa-lya, ku masini yake. Alisema ni yeye ili ku-ni-linda."

Alishusha simu.

"Usitume. Bantu bataona jina lako. Dunia nzima."

"Nimekwisha kutuma."

Barabarani lori lilipita, ukuta ukatetemeka kidogo. Mama Albertine aliinua simu tena, akapeleka kidole mstari kwa mstari mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena. Alikuwa anatafuta.

"Na miye?" aliuliza. "Miye uliniandika wapi?"

"Fasi ile ni ya wenye kuandika ndani ya masini, Kambo," alisema Chance. "Wenye kusema ku bilo, hapana."

Akachukua simu, akainuka kuirudisha kwa Léonie.